Hati ya Ukutani Haimponyi Mgonjwa

Mwezi huu tunaomba tuingie pamoja dukani. Si duka la nguo wala la sukari, bali lile duka dogo la dawa lililo karibu na stendi, au pale njia panda ya kijiji, ambalo wengi wetu hulikimbilia kabla hata ya kufikiria zahanati. Mtoto akipata homa usiku, mlango wake ndio tunaoubisha. Mgongo ukiuma baada ya kulima, hapo ndipo tunapopita tukirudi nyumbani. Kwa watu wengi wa vijijini duka hili ndilo tiba ya kwanza, na mara nyingine ndilo tiba pekee.

Twaanza na jambo ambalo kila mkazi wa mji mdogo amewahi kuliona. Asubuhi moja habari zinavuma kwamba wakaguzi wapo kata ya jirani. Ikifika saa nne, maduka kadhaa ya dawa yamefungwa. Mwenye duka huyu amefiwa, yule amesafiri, na wa tatu anaumwa. Jioni, gari la wakaguzi likishaondoka, aliyefiwa amekwisha farijika, msafiri amerudi, na mgonjwa amepona. Watu hucheka. Lakini tukishacheka tujiulize: kama duka limekaa vizuri kila siku, kwa nini limwogope mgeni wa siku moja?

Maoni yetu ni haya. Ithibati ya duka la dawa, yaani ule uthibitisho kwamba duka limefikia viwango vilivyowekwa na kwamba linaaminika, si karatasi inayopatikana mara moja kisha ikatundikwa ukutani. Ni namna ya kufanya kazi kila siku. Mwenye kujiandaa kwa ajili ya mkaguzi hujiandaa mara moja kwa mwaka, lakini mwenye kujiandaa kwa ajili ya mgonjwa huwa tayari wakati wote, na mkaguzi akija humkuta kazini.

Tulikotoka

Ni vema tukumbuke mambo yalivyoanza, maana vijana wengi hawajui. Zamani nchini Tanzania palikuwa na maduka yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Yaliruhusiwa kuuza dawa zile tu zisizohitaji cheti cha daktari, kama za kutuliza maumivu. Kwa kweli mengi yaliuza zaidi ya hapo. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2001 ulionyesha kwamba dawa za cheti ziliuzwa bila ruhusa, wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha, utunzaji wa dawa ulikuwa hafifu, na baadhi ya dawa zilizokuwa rafuni hazikusajiliwa kutumika nchini.

Serikali ingeweza kuyafunga yote. Lakini je, wananchi wangekwenda wapi? Maduka yale ndiyo yaliyowafikia watu mahali ambapo famasia yenye mfamasia haikuwepo, na hata leo katika vijiji vingi haipo. Ndipo ikachaguliwa njia nyingine: badala ya kuyafukuza, yafundishwe, yatengenezwe na kupewa ithibati. Mwaka 2003, katika Mkoa wa Ruvuma, Mamlaka ya Chakula na Dawa ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, kwa msaada wa mfuko wa Bill & Melinda Gates, ilianzisha mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Baadaye mpango ulipelekwa Morogoro, Mtwara na Rukwa, na hatimaye katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ililipa Baraza la Famasi kazi ya kusimamia huduma hizi. Ile mamlaka ya mwanzo, tangu mwaka 2019, imekuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nchi nyingine nazo zilikuja kujifunza. Uganda na Liberia zilianzisha maduka yao ya namna hiyo.

Mpango huo ulikuwa kama mapatano ya pande mbili. Mwenye duka alitakiwa kutengeneza jengo lake, kumpeleka mtoa dawa wake kwenye mafunzo ya wiki kama tano, kuweka kumbukumbu na kukubali kukaguliwa. Naye kwa upande wake aliruhusiwa kuuza kihalali baadhi ya dawa za cheti zilizo muhimu, zikiwemo antibiotiki chache zilizoorodheshwa. Aliyekuwa akiuza kwa kujificha chini ya kaunta akapata njia ya kuuza mbele ya watu, kwa utaratibu.

Je, ilisaidia? Ilisaidia. Huko Ruvuma, kati ya mwaka 2001 na 2004, dawa zisizosajiliwa zilizokutwa madukani zilipungua kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Hilo si jambo dogo. Lakini kuna upande wa pili ambao tunaomba msomaji autie akilini. Watafiti walipojifanya wateja na kueleza ugonjwa wa malaria, waliopewa dawa sahihi waliongezeka kuliko zamani, lakini bado walikuwa wachache. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kusafisha rafu ni rahisi kuliko kubadilisha mazoea. Sanduku bovu unaliondoa kwa siku moja. Mkono uliozoea kutoa dawa kabla ya kuuliza maswali haubadiliki kwa siku moja.

Hati ya dada aliyeondoka

Mmoja wetu aliingia katika duka fulani kununua chumvi za kuongeza maji mwilini. Duka lilikuwa safi, limepakwa rangi, na ukutani palikuwa na hati ya mtoa dawa pamoja na picha ya msichana. Nyuma ya kaunta alikuwepo kijana wa kiume. Mwenzetu akauliza, “Mwanangu, mwenye hati hii yuko wapi?” Kijana akajibu kwa upole, wala hakuona aibu, “Mama, huyo ni dada aliyekuwepo zamani. Ameolewa, yuko mkoa mwingine. Tajiri aliomba hati ibaki.”

Hatutalitaja duka hilo, kwa sababu halikuwa peke yake. Kukodisha hati ni ugonjwa unaojulikana. Mwenye duka humlipa mwenye hati kiasi kidogo kila mwezi ili jina lake likae ukutani, na kaunta huachiwa mtoto wa ndugu. Mkaguzi anasoma jina, lakini mgonjwa hahudumiwi na jina. Mama mwenye mtoto anayeharisha anahudumiwa na yule kijana ambaye hajui kwamba paketi moja ya zile chumvi huchanganywa na lita moja ya maji safi, wala kwamba mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Badala yake atamwuzia vidonge vya kufunga tumbo, au antibiotiki isiyohitajika. Hapo hati imefanya kazi gani?

Kujiandaa ni mambo manne

Kwa wale wenye maduka, au wanaofikiria kufungua, tunapenda kueleza kwa ufupi. Masharti yenyewe kamili mtapewa na ofisi ya mfamasia wa wilaya, na ni lazima myasome wenyewe. Lakini ukiyatazama vizuri utaona yanakusanyika katika mambo manne.

La kwanza ni nyumba. Jengo liwe imara, sakafu ya saruji, madirisha yenye nondo, mlango wenye kufuli ya kweli. Dari ni ya lazima. Wapo wanaodhani dari ni urembo. Mchana wa mwezi wa kumi, chini ya bati tupu, duka hugeuka tanuru. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi. Kidonge kilichopikwa kwa miezi miwili hakibadiliki sura siku zote, lakini nguvu yake inaweza kuwa imepungua, na mgonjwa atasema dawa haimsaidii. Tundika kipimajoto, kisome asubuhi na alasiri, na uandike ulichosoma. Kipimajoto kisichoandikiwa ni pambo.

La pili ni dawa zenyewe. Nunua kwa muuzaji wa jumla mwenye leseni, na utunze risiti. Usimpokee mtu wa begi anayepita na bei ya chini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ama ni bandia ama haina ubora unaotakiwa. Begi lile ndiyo njia yake mojawapo. Panga rafu ili dawa itakayokwisha muda mapema iwe mbele na iuzwe kwanza. Iliyokwisha muda iondolewe rafuni siku hiyohiyo, iwekwe katika boksi lake lililofungwa na kuandikwa “Isiuzwe,” kisha itolewe taarifa kwa wahusika ili iteketezwe kwa utaratibu. Usiitupe jalalani, maana watoto huokota.

La tatu ni mtu. Mtoa dawa awe amesoma, amesajiliwa, na awe dukani. Tumesema awe dukani. Akiugua au akienda kujifungua, pawepo na mwingine mwenye sifa, au sehemu ya dawa ifungwe. Najua, atasema tajiri, hasara! Ni kweli ni hasara, lakini ni ndogo kuliko ya kumpa mtu dawa ya mtu mwingine.

La nne ni daftari. Duka liwe na daftari la dawa zilizoingia, la dawa za cheti zilizotolewa, la wagonjwa waliopewa rufaa, na la wakaguzi kuandika maoni yao. Wengi huona daftari kama adhabu. Siku mamlaka inapotangaza kwamba toleo fulani la dawa lirudishwe kwa sababu lina kasoro, ni daftari tu litakalokuambia kama uliliuza na kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa bila daftari huumiza bila habari.

Kudumisha ndiko kugumu

Wahenga walisema mwanzo mgumu. Katika jambo hili sisi tunaona mwisho ndio mgumu. Duka likishapewa ithibati, furaha huwa kubwa, watu hupiga picha, bango jipya hung'aa barabarani. Mwaka wa pili kipimajoto kinavunjika na hakuna anayenunua kingine. Mwaka wa tatu mtoa dawa anahama kwa sababu mshahara haujaongezwa hata mara moja. Mwaka wa nne duka limerudi kuwa duka la dawa baridi lenye bango zuri.

Dawa ya hali hiyo ni duka kujikagua lenyewe. Tunashauri mwenye duka na mtoa dawa wakae pamoja mara moja kila mwezi, saa moja tu, wakiwa na ileile fomu anayokuja nayo mkaguzi. Wapite rafu kwa rafu. Wahesabu aina tano za dawa na kulinganisha na daftari. Watazame tarehe zote za dawa zitakazokwisha katika miezi mitatu ijayo. Wasome maoni ya mkaguzi ya mara ya mwisho na kujiuliza lipi limefanyika na lipi bado. Wakiona kasoro, waiandike, waandike na nani ataitengeneza na lini. Halafu mwezi ujao waanzie hapo. Fanya hivyo miezi kumi na miwili, uone kama utafunga duka ukisikia gari la wakaguzi.

Jambo la pili la kudumisha ni kuhoji kwanza na kutoa dawa baadaye. Mtoa dawa ajifunge na maswali machache ambayo hayaruki hata foleni iwe ndefu: Dawa ni ya nani? Ana umri gani, na kama ni mtoto ana uzito gani? Ameanza kuumwa lini? Ametumia dawa gani nyingine? Je, ni mjamzito au ananyonyesha? Chukua mfano wa dawa mseto ya malaria. Kwanza mgonjwa apimwe, kwa sababu si kila homa ni malaria. Akiwa nayo, idadi ya vidonge hutegemea uzito: mtoto wa kilo 5 hadi 14 hupewa kidonge 1 kila mara, na mtu wa kilo 35 au zaidi hupewa 4, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtu mzima humeza vidonge 24. Anayemwuzia 12 kwa sababu hela haitoshi hajamsaidia nusu. Amemwachia vimelea ndani ya damu.

Na kuna wagonjwa ambao hawafai kabisa kupewa dawa dukani na kurudi nyumbani. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi cha kutoamka, apelekwe kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo mtoto anayepumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 na zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Saa ya mkononi inatosha kumhesabu. Duka linalotoa rufaa halijakosa biashara. Limeokoa mtu, na mtu huyo atarudi akiwa hai.

Jambo la tatu ni maelezo. Kuandika “1 x 3” juu ya bahasha hakutoshi. Mama mmoja atadhani ni vidonge vitatu kwa mpigo. Mwambie: kidonge kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku, kwa siku tano. Kisha mwombe akurudishie maneno hayo. Akikosea, usimkaripie, mweleze tena.

“Lakini jirani anauza!”

Tunajua wenye maduka watatujibu. Watasema: ninyi mnaandika mkiwa mmekaa kivulini. Dari ni fedha, mshahara wa mtoa dawa ni fedha, leseni na ada ni fedha. Mimi nikimkatalia mteja antibiotiki, anavuka barabara na kununua kwa jirani. Nimepoteza mteja, na yeye amepata dawa vilevile. Nani amefaidika?

Hoja hii ni nzito, wala hatutaki kuidharau. Ni kweli kwamba mwaminifu akiachwa peke yake atachoka. Kwa sababu hiyo tunawaambia viongozi wa halmashauri na mamlaka zinazohusika: ukaguzi usiwe wa kushtukiza na kutoza faini tu. Mkaguzi mwema huja mara nyingi, huketi, hufundisha, na huandika kile kilichokuwa chema pia. Na yule jirani auzaye bila mtoa dawa achukuliwe hatua, la sivyo mnamwadhibu mwenye kutii. Mafunzo nayo yasiishie siku ya kupewa hati. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini ikatumia SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Mtoa dawa aliyesoma mara moja na kuachwa atafundisha umma mambo ya zamani kwa ujasiri mkubwa.

Lakini kwa mwenye duka nako tuna neno. Duka la dawa si kama duka la viberiti. Mnunuzi wa kiberiti anaweza kukijaribu mbele yako, kisipowaka anakurudishia. Mnunuzi wa dawa hawezi kupima kitu. Anakuamini tu. Anatoa fedha yake ya mwisho, mara nyingine ya kukopa, akiamini kwamba ulichompa ndicho, kwamba hakijaoza, na kwamba kingemdhuru ungemwambia. Imani hiyo ndiyo mtaji wako mkubwa kuliko yote yaliyo rafuni. Ithibati ni ahadi kwamba hutaila imani hiyo. Ukiona gharama ya ahadi ni kubwa mno, zipo biashara nyingine nyingi za halali.

Tena si kweli kwamba wateja wote huvuka barabara. Kijiji kina macho. Watu hujua ni duka gani mtoto alipona, na ni duka gani waliambiwa ukweli, “Hii haihitaji dawa, mpe maji mengi, kesho usipoona nafuu mpeleke zahanati.” Sifa ya namna hiyo haiji kwa mwezi mmoja, lakini ikija haiondoki upesi.

Na sisi wateja je?

Sasa tujigeukie wenyewe, maana kidole kimoja kikimwonyesha mwenye duka, vitatu vinatutazama sisi. Sikilizeni mazungumzo haya, ambayo kila mtoa dawa anayafahamu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nipe zile za rangi mbili, nne tu.”

“Mama, hizo ni za kuua vijidudu. Ni nani anaumwa?”

“Ni mafua tu. Mara ya mwisho zilinisaidia.”

“Mama, mafua yanaondoka yenyewe, hizi hazigusi mafua. Na nne hazitoshi ugonjwa wowote.”

“Wewe binti, umekuja kuuza au kunihoji? Basi, ngoja niende pale kwa mwenzio.”

Binti huyo amesoma, amefanya alivyofundishwa, na malipo yake ni kutukanwa. Jioni tajiri atamwuliza kwa nini mauzo ni kidogo. Akisimama imara mwezi mmoja, wa pili atalegea. Ni nani amemlegeza? Sisi. Tunataka duka lenye ithibati na papo hapo tunataka lifanye kazi kama duka la uchochoroni.

Na madhara yake si hadithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu vilivyokuwa sugu dhidi ya dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Kila vidonge vinne vya rangi mbili kwa ajili ya mafua ni shule tunayowafungulia vijidudu. Wanajifunza dawa yetu. Siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, tutampa dawa ileile na vijidudu wataitambua.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, ukiingia dukani fanya mambo haya. Tazama hati ukutani, kisha tazama uso ulio mbele yako. Uliza kwa heshima, “Mtoa dawa ni wewe?” Soma tarehe ya kwisha muda kabla ya kulipa. Dai risiti. Sema ukweli kuhusu umri, mimba, na dawa nyingine unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Usiombe sindano dukani, maana duka si zahanati. Ukiambiwa nenda ukapimwe, nenda. Na ukihudumiwa vizuri, sema asante, na umwambie mwenye duka kwamba binti yake anafanya kazi nzuri. Maneno hayo yatamsaidia kubaki imara kuliko semina mbili.

Tumalizie tulipoanzia. Siku moja tungependa kusikia habari zimevuma kwamba wakaguzi wapo kata ya jirani, na ikifika saa nne tupite barabarani tukute milango yote iko wazi: mtoa dawa yuko mahali pake, kipimajoto kimeandikiwa, daftari liko juu ya kaunta, na mama mwenye mtoto mgongoni anaelezwa polepole namna ya kuchanganya ile lita moja ya maji. Mkaguzi akiingia, aambiwe, “Karibu ukae, mzee, tumalize kwanza na huyu mama.”

Duka la namna hiyo halijajiandaa kwa ajili ya mkaguzi. Lilikuwa tayari jana, na kesho litakuwa tayari.